x86 inakufa? Jibu la aliyezitumia zote mbili

Mkuu, umeuliza kama kununua laptopu ya x86 (usanifu wa prosesa za Intel na AMD) leo ni kutupa hela, kwa kuwa ARM, usanifu mwingine wa prosesa, inakuja kuizika. Nimekaa na x86 miaka mingi, na sasa natumia ARM, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Tofauti niliihisi mapajani. Ile ya zamani nikiipa video ya kuhariri, feni inavuma na joto linapenya suruali. Hii ya ARM inaifanya kazi ileile bila kuchomekwa chaja, imebaki vuguvugu tu. Asili ya kula umeme kidogo ni ya zamani: chipu ya kwanza ya ARM iliwaka mwaka 1985 huko kampuni ya Acorn, Uingereza. Steve Furber, mmoja wa wabunifu wake, alipopima umeme wake, mita ikasoma sifuri na chipu inachapa kazi! Kumbe waya wa umeme haukuwa umeunganishwa. Ilijiendesha kwa umeme uliovuja kupitia nyaya za mawasiliano.

Ila usidhani siri yote ni ARM. M1, chipu ya ARM ya Apple ya mwaka 2020, ilibebwa pia na utengenezaji wa nanomita 5 na memori (RAM) iliyokaa jirani kabisa na prosesa. x86 ina mzigo wake, maana agizo lake moja kwa prosesa huwa na baiti 1 hadi 15, hivyo prosesa lazima itafute linapoishia, wakati ARM ya biti 64 ni baiti 4 daima. Lakini mzigo huo hauiui.

Kilichonitesa mimi ni skana. Programu zangu za zamani za x86 zilitafsiriwa kimyakimya kwenda ARM, zikafanya kazi. Draiva ya skana (programu inayoiunganisha na kompyuta) ikagoma katakata, kwa sababu draiva hushikamana na mfumo endeshi wenyewe na huko mtafsiri haingii. Mpaka leo naiwasha ile laptopu kuukuu kwa ajili ya skana tu.

Na kinachonitia hofu kweli ni memori. Ile ya zamani nilifungua skrubu, nikaitoa GB 8 hadi 16, ikanisukuma miaka mingine. Hii haifunguliki kwa hilo, na Intel nao waliweka memori ndani ya kifurushi cha prosesa kwenye prosesa zao za Lunar Lake za mwaka 2024. Hilo linamgusa mnunuzi kuliko jina la usanifu.

RISC-V, usanifu wa tatu ulioanzia Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 2010, naipenda kwa kuwa haina leseni ya kulipia, ila kwa laptopu ya kazi bado changa.

Kwa hiyo chukua memori nyingi kadiri mfuko unavyoruhusu, halafu tutajie hapa vifaa vyote unavyochomeka, tuangalie kama vina draiva za ARM.