Maziwa ya kikombe cha bati

Tupokigwe mwanangu,

Marahaba. Huku Tukuyu hatujambo, ila mvua haijatuacha wiki ya pili sasa na majani ya ng'ombe tunayakata topeni. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema mwalimu wa darasa la awali amekuita, akakwambia Lusajo ni mzito wa kuelewa, kwamba hata akiulizwa wapi pengi wapi pachache anakosea. Unataka baba yako, mwalimu mstaafu, akuambie kama mtoto arudie mwaka au aende darasa la kwanza na wenzake.

Nitafika huko. Kwanza nikukumbushe kikombe.

Ulikuwa na miaka mitano, kama Lusajo leo. Ilikuwa Julai, baridi ile yetu, na nilikuwa na wageni, walimu wenzangu wawili. Mama yako alichemsha maziwa, nikayapima mimi: kopo moja la Ambele, kopo moja lako. Ya kaka yako nikayamimina kwenye bilauri ndefu, yako kwenye kikombe kipana cha bati, kile chenye ua jekundu. Ukatazama, ukaanza kulia. "Ambele kapewa mengi." Nikachukua kikombe cha pili cha bati, nikayahamishia humo maziwa ya Ambele, nikaviweka pamoja. Ukafuta machozi, ukasema sasa yamelingana. Nikayarudisha kwenye bilauri huku unaona, ukaangua kilio upya: "Yameongezeka!" Wageni wakacheka. Nikaona aibu, nikakuita mlafi, nikakunyang'anya kikombe, ukalala bila kunywa. Ambele akakuita jina hilo mpaka ulipoingia sekondari. Siku hizi mkikutana mnalicheka. Mimi silicheki.

Usiku ule mama yako alisema neno moja tu: "Mtoto anasema anachokiona." Nikamwambia anakudekeza.

Miaka tisa baadaye nikapelekwa mafunzo kazini, somo la saikolojia ya ukuaji. Mkufunzi akaandika ubaoni jina la Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1896, ambaye mengi aliyoyajua aliyapata kwa kuwatazama wanawe mwenyewe watatu tangu wakiwa wachanga. Akatueleza habari ya bilauri mbili. Maji yaleyale ukiyahamishia kwenye chombo chembamba, mtoto wa miaka minne au mitano kwa kawaida atakwambia yameongezeka, kwa kuwa anatazama kimo peke yake, upana haujaingia hesabuni. Hasemi uongo wala hana tamaa. Wakikaribia miaka saba wengi huanza kusema ni yaleyale, umeyahamisha tu. Nilikuwa nimeshika kalamu, sikuandika kitu. Jaribio lile nililifanya jikoni kwangu, hatua kwa hatua, na jibu ulilonipa ndilo hasa la umri wako. Nikaliadhibu.

Tangu hapo kila mzazi aliyenijia nilimpa neno la mama yako: mtoto anasema anachokiona.

Ila nami nikazidisha. Nikawa nawaambia wazazi wasubiri miaka saba, kana kwamba akili ya mtoto ina ratiba ya treni. Baadaye nikasoma kwamba kuna watafiti waliochapisha mwaka 1969 habari za watoto wa wafinyanzi kule Meksiko: waliozoea kushika udongo walitambua mapema kuliko wenzao kwamba donge likibonyezwa, udongo ni uleule. Nikawakumbuka Wakisi wa Ikombe, kwa wajomba zako, vile visichana vinavyokaa kando ya mama zao vikifinyanga vijungu vya kwao. Mama yako alikulia pale, na naamini ndiyo sababu aliona nisichokiona. Basi mikono nayo inafundisha, umri si kila kitu. Lakini siwezi kusema umri si kitu, maana ningekudai tena ukiwa na miaka mitano uone kwa macho ya miaka saba. Hapo nabishana na nafsi yangu mpaka leo.

Na kukua si kwa watoto tu. Erik Erikson, mwanasaikolojia mwingine, katika kitabu chake cha mwaka 1950, aliyagawa maisha hatua nane, na ya mwisho ni uzee: mtu anageuka kuyatazama maisha yake yote, ama anayapokea yalivyokwenda, ama anajaa uchungu kwa kuwa muda wa kuanza upya umekwisha. Nina miaka 71. Mengi nimeyapokea, hata kuondokewa na mama yako. Kikombe kile bado.

Sasa Lusajo. Arudie, asirudie? Jibu nilishaliandika kwenye karatasi nyingine, nikaikunja nikaitia motoni. Wewe na mumeo ndio mnaoamka naye. Lakini kumwita mtoto wa miaka mitano mzito kwa swali la wapi pengi wapi pachache... basi, naacha. Nilijiapiza kutoamua.

Fanya hivi kwanza. Jumamosi mpimie maziwa mbele yake, vikombe viwili vinavyolingana, kisha kimoja ukihamishie kwenye bilauri ndefu. Muulize wapi pengi. Akijibu muulize amejuaje, halafu nyamaza mpaka amalize. Jioni unipigie unipe maneno yake yenyewe, usiyanyooshe. Na yale maziwa, yote mawili, mwachie anywe.

Baba yako