Nimepima mara nne, zote hasi: mbona moyo haukubali?

Swali:

Musawo (mganga wetu), habari ya kazi. Mimi ni wakala wa forodha hapa mpakani Malaba, nina miaka 29, nina mke na mtoto mmoja. Mwezi wa pili nilitoka nje ya ndoa, mara moja tu, kondomu ikapasuka. Niliona haya kwenda kuomba zile dawa za kuzuia. Nimepima damu wiki ya tatu, wiki ya saba, wiki ya 13, na juzi nilipofikisha miezi mitano, katika vituo vitatu tofauti. Zote hasi. Ila wiki ya tisa nilinunua kile kijiti cha mate duka la dawa, nikajipima chooni, kikatoa mstari mmoja. Asubuhi nikakimulika tena kwa tochi ya simu, nikaona kama kivuli cha mstari wa pili. Tangu siku hiyo silali. Nimekonda, ulimi una utando mweupe, usiku natoka jasho. Rafiki yangu anasema watu wa damu kundi O virusi hujificha kwao kwa miaka. Je, vipimo hukosea? Na je, nisubiri mwezi wa kumi nipime tena? Mke wangu nimekuwa nikimkwepa kwa visingizio, na sasa ameanza kuuliza.

Jibu:

Ndugu yangu, usiku ule wa mwezi wa pili haukukuachia virusi vya UKIMWI. Kipimo cha wiki ya 13 na hiki cha juzi vimefunga hesabu, mradi katikati hapo hukumeza ARV (dawa za VVU) za mtu yeyote na hukurudia safari ile. Mwezi wa kumi usiende kupima kwa ajili ya jambo hili. Sasa nikueleze kwa nini nasema hivyo bila kusita, maana kuambiwa "tulia" umeshaambiwa vya kutosha.

Tuanze na kijiti, kwa kuwa ndicho kilichokunyima usingizi. Tunakiita cha mate lakini hakitafuti mate, wala hakitafuti virusi. Ukikipitisha kwenye fizi kinazoa majimaji yenye kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kuvamiwa. Ukikitumbukiza kwenye kichupa, maji yanapanda juu taratibu. Kwenye alama ya T pamepakwa vipande vya kirusi vya kuigiza: kama askari wa VVU wapo watanasa hapo na mstari utatokea. Alama ya C inaonyesha tu kwamba maji yamepanda na kemikali zimefanya kazi. Kwenye maelekezo ya kile kilichozoeleka madukani imeandikwa kisomwe kuanzia dakika ya 20, kisipite dakika ya 40. Hiyo dakika ya 40 haikuwekwa kwa mapambo. Kijiti kikianza kukauka, rangi iliyobaki njiani hukwama mahali palipopakwa, ikaacha kivuli ambacho hakihusiani na damu ya mtu yeyote. Wewe ulikisoma kwa wakati, mstari mmoja, hasi. Saa tisa baadaye ulikuwa unasoma uchafu wa karatasi kwa tochi ya simu. (Nina hakika bado umekificha mahali. Kitupe leo.)

Kivuli kikitokea ndani ya muda uliowekwa, hilo ni jambo jingine: hata kikiwa hafifu vipi, mtu aende kituoni athibitishwe kwa vipimo vya damu. Wewe hukuwa na kivuli ndani ya muda, na hata kama ungekuwa nacho, damu yako ya wiki ya 13 na ya miezi mitano ingekuwa imeshajibu.

Nikiangalia tarehe zako, moja naifuta kabisa, nayo ni ile ya wiki ya tatu. Kipimo cha kingamwili huanza kumkamata aliyeambukizwa kati ya siku ya 23 na ya 90. Huo ndio muda tunaouita kipindi cha matazamio. Wiki ya tatu ni siku ya 21, mwili ulikuwa haujapata nafasi ya kusema lolote. Wewe unagonga mihuri kila siku, utanielewa haraka: karatasi iliyogongwa tarehe 3 haiwezi kuthibitisha lori lililovuka tarehe 10. Wiki ya saba muhuri ulikuwa na uzito, kwa kuwa walio wengi wangekuwa wameshaonekana. Wiki ya 13 ni siku ya 91. Hapo mpaka ulishafungwa, na hiki cha miezi mitano ulikifanya kwa ajili ya moyo tu.

Umeuliza kama vipimo hukosea. Hukosea, na nisingekuwa mkweli kusema vinginevyo. Nimefanya kazi ya maabara miaka 14, na mahali nilipoanzia, kliniki moja ndogo, nilikuta mwenzangu anasoma majibu dakika ya tano kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Nimeona pia katoni ya vipimo imeachwa dirishani kwenye jua la Tororo, wakati imeandikwa wazi isizidi nyuzi 30. Kwa hiyo kurudia kipimo mara moja mahali pengine ilikuwa akili, sikulaumu. Lakini ili majibu yako yote mawili ya mwisho yawe ya uongo, watu wawili wasiojuana, katika vituo viwili, kwa katoni mbili, miezi miwili mbali, ingebidi wakosee kwa upande uleule. Mimi mwenyewe ninapokuchoma kidole nafuta tone la kwanza, navuta damu ya kipimo kwa mrija mpaka kwenye alama, naidondosha, naongeza tone la dawa ya kusukumia, kisha naandika saa. Kabla ya dakika 15 siangalii. Hakuna uchawi hapo, ni kazi ya kufuata saa.

Tuweke na nambari, kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu. Tuseme mwanamke yule alikuwa na virusi na hatumii dawa, jambo ambalo hulijui. Mwanaume akilala mara moja na mwanamke wa namna hiyo bila kinga, makadirio yanayotumika ni maambukizi kama 4 katika matukio 10,000. Vidonda au ugonjwa mwingine wa zinaa huongeza hatari hiyo, kwa hiyo asitokee msomaji wa kuigeuza kuwa ruhusa. Shirika la Afya Duniani linataka kipimo cha kwanza kikamate angalau watu 99 katika kila 100 wenye virusi. Zidisha na huyo mmoja anayeponyoka: unabaki na watu 4 katika milioni, tena kwa kipimo kimoja na kwa kudhani kwamba mwanamke yule alikuwa na virusi. Wewe una viwili baada ya muda wake.

Habari ya kundi O ni maneno ya kijiweni. Kundi la damu ni alama zilizo juu ya chembe nyekundu. VVU havina kazi na chembe nyekundu, vinavamia chembe nyeupe. Na kingamwili hutengenezwa na chembe nyeupe vilevile, uwe O, A au AB. Wanaoweza kweli kudanganya kipimo ni wachache na tunawajua: aliyepima mapema, aliyekuwa akimeza dawa za kinga au za matibabu, na mara chache mgonjwa aliyedhoofika kupita kiasi. Ndiyo maana nilitanguliza lile sharti la ARV. Katika hao wewe humo.

Sasa mwili. Hapa Uganda tuna mazoea yetu ya kumsoma mtu kwa macho. Miaka ya 1980 kule Rakai na Masaka, kabla vipimo havijafika kwa raia, watu waliuita ugonjwa huu slim, kisha ikawa silimu, kwa sababu mtu alikonda huku jamaa wakimtazama. Woga ule tumeurithi, hata sisi tuliozaliwa baadaye: mtu akilegeza mkanda tundu moja, mtaa mzima unajua. Lakini kirusi hakifanyi kazi kwa haraka hiyo. Kwa baadhi ya watu huleta homa, koo kuuma, vipele na tezi kuvimba wiki mbili hadi nne baada ya kuingia, kisha dalili zile hupotea. Kukonda kwa silimu kwa kawaida huja baada ya miaka, mara nyingi 8 hadi 10 kwa asiyetibiwa. Miezi mitano haitoshi.

Nilipokuandikia kukuuliza unakula nini kwa siku, ulijibu: chai ya asubuhi na rolex moja (chapati iliyoviringishwa na mayai) jioni, tena nusu unampa askari wa geti. Basi tumempata mwizi wa kilo zako. Utando wa ulimi hutokea kwa asiyekula, asiyekunywa maji, anayelala mdomo wazi. Hata hivyo jasho la usiku na kukonda sitayasukumia wasiwasi tu. Pima malaria, pima sukari, na kama una kikohozi kilichofikisha wiki mbili toa makohozi yapimwe kifua kikuu, kituo cha serikali hawakutozi. Ukihangaika na kirusi usichokuwa nacho unaweza kuacha ugonjwa ulionao ukakutafuna.

Kuna jambo uliloandika mstari wa mwisho ambalo mimi ningeliweka la kwanza: mke. Kipimo cha VVU hakikusafishi na magonjwa mengine, na karatasi zako zote nne hazisemi lolote kuhusu kaswende, kisonono, klamidia wala homa ya ini B. Kisonono kwa mwanaume kwa kawaida hujitangaza ndani ya wiki moja, usaha na mkojo unaochoma. Klamidia hukaa kimya, hata kwa miezi, na kwa mwanamke inaweza kuharibu mirija ya uzazi bila yeye kuhisi kitu. Kwa hiyo kabla ya kurudi kitandani kwenu, au utumie kondomu mpaka hapo, nenda upime kaswende, ambayo ni tone la damu kama ulivyozoea, na utoe mkojo kwa ajili ya klamidia na kisonono kwenye maabara kubwa. Vituo vingi vidogo hutibu hayo kwa kuangalia dalili, nawe dalili huna, ndiyo maana nakutuma mbele. Kimoja kikitoka chanya, dawa ni zenu wawili, vinginevyo mtarudishiana.

Utamwambia nini, hilo mtaalamu wa maabara hana mamlaka nalo. Nitasema tu kwamba kupima pamoja kama mke na mume ni huduma ya kawaida katika vituo vyetu, mnakaa na mshauri, na hakuna anayelazimishwa kueleza alifuata nini huko alikokwenda. Majibu yako ni siri yako.

Nimebakiza moyo. Katika jibu lako lile uliniambia pia kwamba baada ya kipimo cha wiki ya 13 ulilala vizuri siku nne, kisha ukaanza upya kujikagua mbele ya kioo. Kipimo cha juzi kimekupa siku mbili. Unaona mwelekeo wake? Cha mwezi wa kumi kitakupa saa chache. Kila unapokwenda kupima unaufundisha woga kwamba ulikuwa na haki ya kuuliza, na kesho utauliza kwa sauti kubwa zaidi. Mimi nadhani unachokitafuta kwenye tone la damu ni msamaha, na huo hauko kwenye kabati letu la vitendanishi. Ongea na mtu: shehe wako au mchungaji, kaka unayemwamini, au mshauri wa kituo, hao wamesikia makubwa kuliko haya yako. Hamu ya kupima ikikupanda, au ya kumulika ulimi, usibishane nayo. Ahirisha kwa saa moja ukiwa kazini, halafu kwa siku moja. Ukiona wiki tatu nne zimepita hujalala wala hujala sawasawa, panda gari uende kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya Mbale. Wasiwasi wa namna hii una matibabu, na hapo hakuna anayekuita kichaa.

Kwa wanaosoma ambao yamewapata jana: dawa za kuzuia zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, zinamezwa siku 28. Aibu ya kwenda kuziomba ni ya dakika kumi. Huyu ndugu yetu amelipa miezi mitano.

Nawe ndugu yangu, kisha pima homa ya ini B, na ukikutwa huna, anza chanjo: sindano tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Uganda iliiingiza kwenye chanjo za watoto mwaka 2002, kwa umri wako wewe haikukufikia. Ukitaka kweli tarehe ya kuandika kwenye kalenda, andika hiyo ya sindano ya pili.