Barua kwa mwanangu: dodoki la kuliwa na dodoki la kuogea

Mwanangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma. Umenunua madodoki manne, ukayatia kwenye friji, na siku ya nne ukapika moja. Likatoa maji mpaka likawa kama supu, na nyuzi zikakukwama menoni. Matatu yaliyobaki yameanza vidoa vya kahawia. Unauliza umekosea wapi, na kama kweli dodoki linaliwa au waliokwambia walikuwa wanakutania.

Linaliwa, tena ni tamu. Makosa yako ni matatu: nyuzi ulizinunua, vidoa vimeletwa na baridi, maji yameitwa na chumvi.

Nianze na nyuzi, maana hakuna upishi unaoziondoa. Dodoki la kuliwa na dodoki la kusugulia mwili ni tunda lile lile, tofauti ni umri tu. Likiwa changa nyama yake ni nyeupe, laini, imejaa maji. Likiachwa mtini nyuzi husukana ndani kama wavu, mbegu zikakaza na kugeuka nyeusi. Kazi hiyo huanza ganda likiwa bado la kijani, kwa hiyo usiiamini rangi peke yake. Wengi huponzwa na ukubwa: mtu anachukua lililonenepa akidhani amepata faida, kumbe amenunua brashi.

Kuna aina mbili. Moja ina mbavu kumi zinazoshuka kutoka kwenye kikonyo hadi nchani. Ya pili ina ganda laini lenye michirizi tu. Lenye mbavu lichukue likiwa na sentimita 20 hadi 30. Lile laini mimi silivushi sentimita 20. Lishike mkononi: liwe zito kuliko unavyolitarajia, kwani lililo jepesi limekwisha kukauka ndani. Likunje kidogo kwa mikono miwili. Changa hupinda kisha likarudi, lililokomaa hukataa kabisa. Bonyeza ukingo wa ubavu kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha uzame bila ubishi. Litikise karibu na sikio, na ukisikia mbegu zinacheza, lirudishe. Unene uwe karibu sawa mwili mzima, maana kitako kilichovimba ni dalili kwamba mbegu zimeshajaa. Kupinda kama mundu si kasoro.

Sasa vidoa. Dodoki ni la nchi za joto na baridi ya friji hulijeruhi. Chini ya nyuzijoto 10 hivi, ganda huanza kubonyea na kutoa madoa yenye majimaji, na madoa hayo huonekana zaidi ukishalitoa nje. Jikoni kukiwa na ubaridi wa nyuzi 10 hadi 13, liache huko huko. Jiko likiwa la joto, friji itabidi, ila liweke kwenye droo ya mboga, mbali na ile sehemu ya nyuma inayogandisha. Usilioshe kabla. Kila moja livingirishe kwenye gazeti au kitambaa kikavu, kisha tia kwenye mfuko ulioachwa wazi mdomo. Hesabu siku 3, ya 4 ikizidi sana. Ndizi mbivu na maembe mabivu yakae mbali nalo, kwani hewa inayotoka kwenye matunda hayo hulizeesha upesi. Ukishalikata, lipike siku hiyo hiyo, maana nyama yake hubadilika rangi upesi.

Kabla ya kupika kuna jambo moja ambalo sitaki ulipuuze. Kata kipande chembamba upande wa kikonyo na kingine upande wa ncha, gusisha kila kimoja kwenye ulimi, kisha tema. Dodoki zuri lina utamu wa mbali kama tango. Likiwa chungu, litupe lote. Uchungu huo ni kemikali iitwayo kukabitasini, ambayo huzidi mmea ukipata shida ya maji au mbegu ikiwa imechanganyika na ya porini. Kuchemsha hakuiondoi, na husababisha kutapika, kuharisha na tumbo kusokota. Onja kila dodoki, hata kama yote umeyanunua pamoja. Na usije ukajitetea kwa karela: karela ni chungu kwa asili yake na huliwa hivyo, dodoki halitakiwi kuwa chungu hata kidogo.

Upishi wenyewe ni mfupi. Chukua kilo 1. Lenye mbavu, paa mbavu tu kwa kisu kidogo chenye makali na uache ganda jembamba lililo katikati, ndilo linaloshikilia kipande kisisambaratike. Lile laini limenye lote, lakini juu juu. Kata vipande vinene vya sentimita 2. Vikiwa vyembamba vitayeyuka, kwa sababu dodoki hunywea sana: sufuria iliyojaa pomoni itabaki na chakula cha watu wawili au watatu.

Pasha vijiko 2 vikubwa vya mafuta kwenye kikaango kipana. Kaanga kitunguu kimoja hadi kilainike, tia punje 3 za kitunguu saumu zilizopondwa na nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba, sekunde 30 tu. Ongeza moto, kisha mimina madodoki yasambae bila kupandana. Usitie maji. Usitie chumvi. Usifunike. Yaache dakika 2 bila kuyagusa, mpaka upande wa chini upate rangi. Geuza, endelea dakika 4 au 5. Kingo zikianza kung'aa kama kioo na katikati bado kuna weupe kidogo, ndipo unyunyize nusu kijiko cha chai cha chumvi, geuza mara mbili, epua.

Wewe ulitia chumvi mwanzoni, nayo huvuta maji kutoka ndani ya nyama. Ukafunika, mvuke ukarudi chini. Pale mboga haikukaangwa tena, ilichemka. Ikikutokea tena usiichemshe mpaka maji yakauke, utapata uji. Opoa vipande, punguza mchuzi peke yake kwa moto mkali, kisha virudishe. Au, na hii naipenda zaidi, pasua mayai 2 ndani ya ule mchuzi, koroga polepole yagande, ndipo urudishe dodoki. Kikombe cha dengu zilizochemshwa kikavu nacho hunywa maji hayo vizuri. Kama unachotaka hasa ni supu, tumia lile laini, ambalo hulegea likateleza kama hariri.

Zile mbavu ulizozipaa usitupe kama zilikuwa changa. Zikate nyembamba, zikaange kwa mafuta kidogo hadi zikauke, chumvi kidogo.

Kuhusu hayo matatu yaliyobaki: yatoe leo, yapasue kwa urefu. Lenye mbegu nyeupe laini, ondoa palipo na doa na ulipike jioni hii. Lenye nyuzi katikati na nyama nzuri pembeni, kwangua katikati kwa kijiko, pembeni tia kwenye supu. Na lenye mbegu nyeusi, au lililoteleza na kunuka, halifai chunguni. Niandikie yametoka mangapi ya kila namna.

Baba yako