Faida za kupunguza vitu kwa mpangaji wa chumba kimoja

Ndugu, umeuliza kama kupunguza vitu kuna faida yoyote kwa mpangaji wa chumba kimoja hapa Kayole, Nairobi. Faida ipo, na ya kwanza utaiona mfukoni, kwa sababu anayejua mashati aliyo nayo hapiti soko la mitumba la Gikomba kila Jumamosi na kurudi na la nne linalofanana na yale matatu yaliyokunjwa chini ya kitanda. Utulivu wa moyo nao ni wa kweli kabisa: utafiti wa familia za Los Angeles uliochapishwa mwaka 2010 uliwakuta akina mama walioona nyumba zao zimejaa vitu ovyo ovyo wakiwa na mwenendo wa homoni ya kotisoli unaohusishwa na msongo. Anza na sufuria usizopikia, majirani watazipokea.