Maswali na majibu: rice cooker inayoruka mapema, wali wa nazi unaoshika chini, na mengine

Maswali mengi mliyotuma yanarudi kwenye jambo moja, basi tulimalize kwanza. Rice cooker ya kawaida, ile ya swichi moja ya kubonyeza chini, haina saa, wala haijui kama mchele umeiva. Inapima joto la kitako cha sufuria, basi. Maji yakiwemo, kitako hakipandi sana kupita joto la maji yanayochemka. Mchele ukishayanywa yote, joto linapanda kwa haraka. Likifika nyuzi 103 hivi, sumaku iliyo ndani ya kile kitufe cha katikati inaishiwa nguvu, springi inasukuma, swichi inaruka kwenda kwenye kutunza joto. Toshiba ilipouza ya kwanza inayojizima yenyewe mwaka 1955 ilikuwa na sufuria mbili, na ilingoja maji ya sufuria ya nje yakauke ndipo izime. Ufundi umebadilika, wazo ni lilelile: maji yakiisha, jiko linazima.

Tuko watano nyumbani. Ninunue ya lita ngapi? – Dodoma

Lita 1.8. Hiyo lita ni ya mchele mkavu, si ya wali: ni vikombe 10 vya kipimo kinachokuja na jiko, karibu kilo moja na nusu. Watu watano wanakula nusu kilo hadi robo tatu, kwa hiyo utabaki na nafasi ya wageni. Usikimbilie ya lita 2.8 kwa ajili ya sikukuu mbili za mwaka. Mchele kidogo kwenye sufuria pana unatandazika mwembamba, unakauka chini kabla wa juu haujaiva. Kwa mtu mmoja au wawili, ya lita 1 inatosha.

Ukiwa dukani itoe sufuria ya ndani uipime mkononi. Ikiwa nyepesi kama bati la sinia, iache, maana itabonyea. Iweke juu ya kaunta ya kioo uiguse ukingoni: isicheze. Kisha geuza jiko usome kibandiko cha chini: kiseme volti 220–240, na wati karibu 700 kwa lita 1.8. Ya mfuniko wa kioo ni rahisi kuosha lakini inatoa mvuke mwingi na kumwaga povu. Ya mfuniko wa bawaba unaobana inatunza joto vizuri zaidi, ila hakikisha bamba la ndani la mfuniko linatoka. Lisipotoka, baada ya mwezi utasikia harufu.

Kipimo cha maji si kikombe kimoja kwa viwili? Nikipika kidogo wali unatoka vizuri, nikipika kilo nzima unakuwa bokoboko. – Morogoro

Kimoja kwa viwili ni kipimo cha sufuria ya mkaa, ambako maji mengi yanapotea hewani. Kwenye rice cooker maji yanakwenda sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inaingia ndani ya mchele, na hiyo inaongezeka kadiri unavyoongeza mchele: karibu kikombe kwa kikombe. Sehemu ya pili inatoka na mvuke, na hiyo haiongezeki sana, kwa sababu mfuniko ni uleule na muda unazidi kidogo tu. Ukizidisha maji mara mbili kila unapozidisha mchele, unamlipia mvuke ambaye hakuja.

Kwa mchele wa supa wa Kyela, Mbeya au Kilombero, anzia hapa: vikombe 2 vya mchele, maji 3; vikombe 4, maji 5 na robo; vikombe 6, ambavyo ni karibu kilo, maji 7 na nusu. Mfuniko ukiwa wa bawaba punguza nusu kikombe. Mchele mpya, uliotoka shambani msimu huu, bado una unyevu. Punguza robo kikombe kwa kila vikombe viwili. Chenga zipunguzie maji hata zaidi ya hapo. Mchele wa kahawia, usiokobolewa sana, unataka karibu maji 2 na robo kwa kikombe kimoja, na ulowekwe nusu saa. Basmati ukiloweka nusu saa, kikombe na robo kwa kimoja kinatosha.

Tumia kikombe kilekile kwa mchele na kwa maji. Kile cha plastiki kinachokuja na jiko ni mililita 180, kinabeba kama gramu 150 za mchele. Kikombe chako cha chai kinaweza kuwa 250, na hapo ndipo mistari iliyochorwa ndani ya sufuria inapowadanganya wengi: mstari wa 4 maana yake umetia vikombe vinne vya kile kidogo, si vya chai.

Swichi ikiruka usifungue. Acha dakika 10 hadi 15. Wali wa juu bado una majimaji na wa chini umekauka. Dakika hizo ndizo zinazofanya kazi ya makaa tunayopalia juu ya mfuniko. Kisha chambua kwa mwiko kutoka chini kuja juu, ufunike tena.

Nimehamia Mbeya kutoka Dar, jiko lilelile, mchele uleule, sasa wali unatoka na kiini.

Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mchele unaiva polepole zaidi, lakini maji yanaisha karibu kwa kasi ileile, na jiko linaangalia maji tu. Ongeza robo kikombe kwa kila vikombe viwili vya mchele ili muda wa kuchemka urefuke, na uloweke dakika 20 kabla ya kuwasha. Wa Nairobi nao wafanye hivyo hivyo.

Swichi inaruka baada ya dakika nane, mchele bado mbichi na maji yamo. Jiko limeharibika? – Mombasa

Mara nyingi halijaharibika. Maji yakiwemo na swichi ikaruka, ujue kitufe cha katikati kimepata joto ambalo halikutoka kwenye maji. Chomoa plagi, ngoja lipoe, ukague kwa mpangilio huu.

Toa sufuria uangalie bamba la moto. Punje moja ya wali iliyokauka pale inatosha kuinua sufuria upande mmoja. Bamba linabaki na joto lake, haliwezi kulipeleka kwenye maji, na kitufe kinadhani kazi imekwisha. Punje ikiwa imegandia, isugue kwa msasa laini, ufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usimwage maji mle ndani kamwe.

Bonyeza kitufe cha katikati kwa kidole. Kizame na kurudi bila kukwama. Kikikwama, kuna uchafu pembeni yake.

Angalia kitako cha sufuria kwa nje. Weka ubapa wa rula juu yake: ukiona mwanga katikati, kimebonyea. Hilo hutokea kwa sufuria iliyowahi kuangushwa au kuwekwa juu ya jiko la gesi. Kuinyoosha kwa nyundo hakusaidii sana, tafuta sufuria nyingine ya kipenyo hichohicho. Kitako kikiwa na maji pia ni tatizo, kifute kabla ya kutumbukiza, na ukishatumbukiza zungusha sufuria kidogo kushoto na kulia ili ikae.

Kama vyote hivi viko sawa, sababu ni wanga. Mchele usiooshwa unaacha tope jeupe linalotuama chini, linakuwa utando kati ya joto na maji, linaungua na swichi inaruka. Osha mara tatu hadi maji yaonekane safi, na ukishatia maji ya kupikia koroga mara moja kabla ya kubonyeza. Wanga huohuo ndio unaotoa povu kwenye tundu la mvuke na kuchafua meza.

Wali wa nazi unashika chini kila mara, na wa juu haunukii nazi. – Tanga

Kwa sababu umetia tui zito mwanzoni. Lina mafuta na sukari, linagusa kitako cha moto kabla mchele haujaanza kunywa, linageuka kahawia na kushika. Mchele wa vikombe 3, nazi moja: kamua tui zito robo tatu ya kikombe uliweke kando, kisha kamua jepesi mpaka upate vikombe 3 na robo. Mchele ulioosha, tui jepesi na chumvi viingie pamoja, washa. Baada ya kama dakika 12 mvuke utakuwa mwingi na tui litakuwa limeshuka usawa wa mchele. Fungua mara moja tu, geuza kwa mwiko kutoka chini, mimina tui zito juu, funika haraka. Swichi ikiruka, ngoja robo saa. Ukoko mwembamba wa dhahabu utabaki, na sidhani kama kuna Mtanga atakayeulalamikia.

Tui la pakiti la mililita 200 linatosha kwa vikombe 3, nalo ligawe vilevile: nusu lizimuliwe kwa maji mwanzoni, nusu mwishoni.

Nikikaanga vitunguu vya pilau humohumo swichi inaruka kabla havijaiva. Jirani kaniambia nibane swichi kwa kijiti. – Zanzibar

Usibane. Mafuta hayana maji ya kushikilia joto, kitako kinapita nyuzi 103 ndani ya dakika chache, na swichi imeruka kama ilivyopaswa. Ukiizuia kwa nguvu, joto litaendelea kupanda mpaka rangi ya sufuria iharibike au fyuzi ya ndani ikatike. Kaanga vitunguu, viungo na nyama kwenye sufuria ya jiko la kawaida, tia supu, ionje chumvi ikiwa ya moto, ndipo umimine kwenye rice cooker pamoja na mchele. Hesabu supu kama maji. Na usijaze zaidi ya theluthi mbili.

Dada yangu ameniletea moja kutoka Marekani, nzuri sana. Nibadilishe plagi tu? – Arusha

Hapana. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Ukichomeka, itavuta nguvu karibu mara tatu na nusu ya ile iliyotengenezewa, na itaungua siku hiyohiyo. Za mtumba kutoka Japani ni mbaya zaidi, kwa sababu ni za volti 100. Transfoma ya kushusha volti ipo, ila kwa jiko la wati 650 inabidi iwe ya wati 1,000 hivi, nzito, na bei yake mara nyingi inanunua rice cooker mpya. Zinazotoka Dubai au Oman hazina shida hiyo: volti zinalingana na zetu, hata plagi ni ileile ya pini tatu.

Inakula LUKU kiasi gani?

Wati 700 kwa nusu saa ni uniti 0.35. Kinachowaumiza watu bila kujua ni kutunza joto: wati 50 hivi, ikiachwa saa nane inafika uniti 0.4, yaani zaidi ya kupika kwenyewe. Mkishakula, chomoa.

Naweza kuacha wali humo usiku, asubuhi tukala kiporo?

Ukiwa kwenye kutunza joto na jiko lako linashikilia zaidi ya nyuzi 60, wali mweupe unafika asubuhi salama, ila utakauka. Wa nazi usiulaze humo, na wenye maharage au mboga vilevile. Hatari kubwa ni kuchomoa na kuuacha umefunikwa, vuguvugu, mpaka asubuhi. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka. Wali ukipoa polepole wanaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha. Kiporo kizuri ni kile kilichotandazwa kwenye sinia kipoe haraka, kikaingia friji ndani ya saa moja au mbili.

Umeme ukikatika katikati ya kupika, usifungue mfuniko. Swichi ya kubonyeza inabaki chini, umeme ukirudi inaendelea yenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, ukitoka nyumbani umeme haupo, chomoa kwanza. Za vitufe vya kidijitali nyingi zinataka uziwashe upya.

Haiwaki kabisa, hata taa. Fundi anataka kuunga waya dairekti. – Kisumu

Mkatalie. Anza na soketi, uijaribu kwa chaji ya simu, kisha fyuzi ya plagi. Zikiwa nzima, iliyokatika huenda ni fyuzi ya joto: kijibomba kidogo cha rangi ya fedha kilichovikwa soksi nyeupe, kwenye waya wa chini ya jiko. Kimeandikwa ampea na nyuzi, kwa mfano 10A na 172 au 185. Ni cha bei ndogo. Kinunuliwe chenye namba zilezile na kiungwe kwa kubana, si kwa kuchomea risasi, maana joto la risasi linaweza kukikata kabla hakijafanya kazi. Akiunga dairekti jiko litawaka, lakini siku swichi itakapokwama hakutakuwa na kitu cha kulizima. Na fyuzi mpya ikikatika tena ndani ya wiki, tatizo ni kitufe cha katikati, kibadilishwe hicho.

Ugali je?

Uji, ndiyo. Ugali, hapana: kusonga kunahitaji sufuria iliyoshikwa, na mwiko utakwangua ile rangi nyeusi isiyoshika. Kwa ajili ya rangi hiyohiyo, osheni mchele kwenye bakuli lingine, na stilwaya isiingie humo.