Yai la Leo, Jogoo wa Juzi

Vijana wangu wa inkubeta, hizi mashine za kuangulia mayai, jana tena hapa Nakuru nimeletewa trei nzima ya mayai ya leya niipige tochi nione kama kuna uhai ndani, ati iko siku ya kumi kwa mashine na haionyeshi kitu. Haitaonyesha. Kuku hutaga hata bila jogoo, lakini hilo yai ni la kukaanga, ulikalishe siku 21 kwa joto la nyuzi 37.5 halitoi kifaranga, na leya wa mayai ya kula hawafugwi pamoja na jogoo. Naandika kwa sababu nawapenda, na nimechoka kuwaona mkichoma stima bure.

1. Jogoo mmoja kwa kuku wanane hadi kumi. Majogoo wakizidi wanapigana badala ya kupanda kuku.

2. Kubadilisha jogoo. Hapa nikae kidogo manake hapa ndipo niliumia. Nilikuwa na jogoo wa shingo tupu, nikamuuza, siku hiyohiyo nikaleta wa kienyeji kilichoboreshwa, ule uzao wa KALRO Naivasha, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, mzito, shingo imejaa manyoya. Siku ya nne nikaanza kukusanya mayai, trei mbili nikamuuzia mama mmoja wa Njoro, nikamwapia kabisa hii ni damu ya jogoo mpya, akalipa bei ya juu sababu alitaka kubadilisha kundi lake lote. Vifaranga walipotoka akanipigia simu, hakugomba, aliuliza tu, mwanangu, mbona wengine wana shingo uchi? Nilikosa la kusema. Kuku wangu wote walikuwa na manyoya shingoni, jogoo mpya pia, na hiyo shingo tupu mzazi mmoja akiwa nayo inaweza kutokea kwa mtoto, kwa hivyo baba yao ni yule niliyeuza. Sikujua kuku huhifadhi mbegu ya jogoo kwa vijifuko vidogo ndani ya mrija wa mayai, ikakaa hai wiki mbili hata tatu, na kiini kikishuka kinakutana nayo mwanzoni kabisa, kama dakika 15 hivi, kabla ute haujakifunika na ganda kuja mwisho. Pesa nilimrudishia, lakini msimu wake wa kuangulisha sikuweza kuurudisha, na mpaka leo nikipita Njoro naona haya. Toa jogoo wa zamani, leta mpya, hesabu wiki tatu, na mayai ya hapo katikati uza ya kula.

3. Yai lisipite siku saba kabla ya mashine, ncha chini, usilioshe. Yakitoka Kisumu na matatu yapumzike usiku kucha kwanza.

4. Tochi siku ya 7, mishipa kama miguu ya buibui ni uhai. Likiwa wazi, toa. Doa la damu kwa yai la kula sio dalili ya mbegu, tafadhali msibishane na wateja.

5. Geuza mara tatu hadi tano kwa siku, siku ya 18 wacha, ongeza unyevu.

Na wewe wa trei ya leya, kuja Jumapili na trei tupu. Niko na mayai ya siku mbili, jogoo ni yuleyule tangu mwaka jana.