Jibu: Wafaransa walimng'oa mfalme kisa njaa tu?

Mkuu umeuliza kama yale mapinduzi ya 1789 yalikuwa ya njaa tu na kama kweli demokrasia imetokea pale. Aisee njaa ilikuwepo, mavuno ya 1788 yaliharibika mkate ukapanda bei balaa, ila tatizo lilianzia juu, serikali imefilisika, imekopa hela kibao kuwasaidia Wamarekani wapigane na Mwingereza, halafu wakubwa na makasisi wamesamehewa kodi nyingi mzigo anaubeba mkulima. Yaani hapa Moshi mama wa ndizi pale Mbuyuni alipe ushuru kila siku halafu mwenye maghorofa asiguswe, utanyamaza? Mfalme Louis wa 16 kubanwa na madeni akaitisha bunge la matabaka matatu (makasisi, wakubwa na watu wa kawaida) ambalo halijakaa tangu 1614, hapo ndo akajimaliza, watu wa kawaida wakasema bunge la taifa ni sisi. Julai gereza la Bastille likavamiwa, Agosti likatoka Tamko la Haki za Binadamu, kwamba mamlaka ni ya taifa sio ya mfalme.

Sasa demokrasia yenyewe ilichelewa sana. 1793 mfalme kakatwa kichwa, watu wakauawa kwa maelfu, 1804 jenerali Napoleon huyo kajivika taji la ufalme. Wanawake kupata kura ni 1944! Utumwa walifuta 1794, Napoleon akaurudisha 1802, ila Haiti, koloni lao la watumwa, wakagoma, wakapigana hadi uhuru 1804. Kwangu mimi hao wa Haiti ndo walilichukua lile Tamko siriasi kuliko walioliandika.